Pima Kabla ya Kuruka

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya vijana, wazazi na wahudumu wa afya ya jamii waliokusanyika kuadhimisha Siku ya Ukimwi Duniani, Desemba 1. Tumeyachapisha kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika hotuba zinazosomwa na wengine. Kwa hivyo mkiniona nimeshika karatasi hii kwa mikono miwili, mnielewe. Nimepewa dakika ishirini, na najua pilau iko motoni. Nitajitahidi.

Asubuhi nikija hapa nimepita gatini. Maji yalikuwa yamekupwa, na wale watoto wetu wa kila siku walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wakingoja kuruka. Lakini hawakuruka kwanza. Mmoja wao, mkubwa kidogo, alishuka kwa ngazi, akazama, akagusa chini, akaibuka na kuonyesha kwa mkono maji yanamfika wapi. Ndipo wenzake wakaanza kuruka mmoja baada ya mwingine, kwa zile kelele mnazozijua. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hayo. Wanajua kwamba maji ya kupwa yana mawe, na kwamba kabla watu hawajaruka ni lazima mmoja apime.

Kupima. Neno hilo ndilo lililotuleta hapa leo. Tunapima kina cha maji, tunapima unga dukani, na kwenye lile hema jeupe nyuma yenu wauguzi wanapima virusi vya Ukimwi. Nataka kuwasimulia kisa cha mtu aliyekuwa bingwa wa kuruka majini kuliko wote wa zama zake. Alipima, akajua hali yake, kisha akaishi na siri hiyo mbele ya dunia nzima kwa miaka saba. Anaitwa Greg Louganis.

Kijana wa El Cajon

Mchezo wenyewe kwetu haujulikani sana. Tukisema mpiga mbizi, tunamfikiria mvuvi anayetafuta pweza na kamba. Kwenye Olimpiki, kupiga mbizi ni kuruka kutoka juu na kuingia majini kwa ustadi. Kuna ubao unaonesa, ulio mita 3 juu ya maji, na kuna jukwaa lisilonesa, lililo mita 10 juu. Mita 10 ni kama kusimama juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu. Anayeruka kutoka hapo hukaa hewani kwa muda usiofika sekunde mbili, na hufika majini kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa. Katika muda huo mfupi hupinduka mara mbili au tatu, akajinyoosha, akaingia kwa mikono kama sindano. Majaji humpa alama kuanzia 0 hadi 10, kisha alama hizo huzidishwa kulingana na ugumu wa mruko. Maji yakirukaruka sana anapoingia, alama hupungua.

Louganis alizaliwa Marekani mnamo Januari 1960, akiwa na asili ya Samoa na Sweden. Alilelewa na wazazi waliomchukua akiwa mtoto mchanga, katika mji wa El Cajon, California. Shuleni alikuwa na kigugumizi, na kusoma kulimsumbua kwa sababu herufi zilikuwa zikimchanganya, ile hali inayoitwa disleksia. Watoto wenzake walimcheka kwa sababu ya maneno yake na kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kwenye bwawa hakuna aliyemtaka azungumze. Alitakiwa kuruka tu, na kuruka alikuweza.

Mwaka 1976, akiwa na miaka 16, alikwenda Olimpiki ya Montreal, Kanada. Mwalimu wake alikuwa Sammy Lee, daktari Mmarekani mwenye asili ya Korea, ambaye yeye mwenyewe alishinda dhahabu ya jukwaa mwaka 1948 na tena 1952. Kijana huyo alipata medali ya fedha, nyuma ya Mwitaliano Klaus Dibiasi aliyekuwa akitwaa dhahabu yake ya tatu mfululizo kwenye jukwaa.

Sisi Wakenya hatukukimbia Montreal. Nchi yetu na nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki, ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikicheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Miaka minne baadaye Louganis naye akaonja uchungu huo. Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow ya 1980 baada ya jeshi la Muungano wa Sovieti kuingia Afghanistan, na Kenya ikasusia pia. Wazee hapa wanamkumbuka Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Louganis alikuwa na bahati kuliko Rono, kwa sababu miaka minne mingine ilipopita bado mwili wake ulikuwa na nguvu.

Mruko wenye kifo ndani yake

Msidhani huu ni mchezo wa kujirembesha. Mwaka 1979, akishindana mjini Tbilisi, katika Muungano wa Sovieti wa wakati huo, Louganis aligonga kichwa kwenye jukwaa akapoteza fahamu.

Mwaka 1983 alikuwa Edmonton, Kanada, kwenye michezo ya vyuo vikuu vya dunia. Mshindani mmoja kutoka Tbilisi, Sergei Chalibashvili, alipanda jukwaani kujaribu mruko wa kupinduka mara tatu na nusu ambapo mrukaji hutazama mbele lakini hupinduka kurudi upande wa jukwaa. Louganis alikuwa juu ya mnara huo huo akisubiri zamu yake. Alisikia mnara ukitikisika. Chalibashvili alikuwa amegonga kichwa kwenye saruji, na siku chache baadaye akafariki.

Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, Louganis alihitimisha shindano la jukwaa kwa mruko ule ule. Alishinda dhahabu mbili, moja ya ubao na moja ya jukwaa, na kwenye jukwaa alipata alama 710.91. Kabla yake hakuna aliyewahi kuvuka 700. Wakati huo dunia ilimwona kama mtu asiyejua hofu.

Dawa kila saa nne

Mapema mwaka 1988, kama miezi sita kabla ya Olimpiki ya Seoul, Louganis alipima virusi vya Ukimwi. Daktari wake alikuwa binamu yake. Majibu yakaja kwamba anavyo.

Vijana, nawaomba mjaribu kuufikiria mwaka huo. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alikuwa amegunduliwa mwaka 1984, miaka minne tu nyuma. Watu waliogopa kupeana mikono. Dawa iliyokuwapo ilikuwa moja, AZT, na haikuweza kumshikilia mtu kwa muda mrefu. Aliyeambiwa anavyo alianza kuhesabu siku zake. Louganis alipanga kurudi nyumbani na kujifungia humo angoje kufa. Binamu yake alimwambia kwamba jambo la maana ni kuendelea na mazoezi. Akaanza kumeza dawa kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Kengele ililia usiku wa manane, akaamka, akameza, akalala, na asubuhi akaenda bwawani. Mwalimu wake wa wakati huo, Ron O'Brien, alikuwa miongoni mwa watu wachache mno waliojua.

Kwa nini hakusema? Korea Kusini haikuruhusu watu wenye virusi kuingia nchini. Angesema, asingeshindana. Na tusiwacheke Wakorea peke yao. Marekani yenyewe iliwafungia mlango wageni wenye virusi kuanzia 1987 hadi mwanzoni mwa 2010.

Septemba 19, 1988

Wakenya wanaikumbuka Seoul kwa furaha. Paul Ereng alishinda mita 800, Peter Rono mita 1500, John Ngugi mita 5000, Julius Kariuki mbio za kuruka viunzi na maji, na Robert Wangila akatuletea dhahabu ya ndondi. Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa Mombasa, alipata fedha ya marathoni. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nyumbani hadithi za Seoul nimezisikia mpaka najihisi nilikuwapo.

Katika michezo hiyo hiyo, Septemba 19, Louganis alikuwa kwenye raundi ya mchujo ya ubao wa mita 3. Mruko wake wa tisa ulikuwa wa kutazama mbele na kupinduka kurudi nyuma mara mbili na nusu. Aliruka juu sana bila kwenda mbele vya kutosha. Alipokuwa akishuka, utosi wake ukagonga ncha ya ubao, na mlio wake ukasikika. Akaanguka majini ovyo, mbele ya watazamaji wa dunia nzima.

Alitoka majini mwenyewe, ameshika kichwa. Damu ilikuwa ikitoka. Daktari wa timu akamshona haraka, na kwa vile mambo yalikuwa ya dharura, alimshona bila kuvaa glavu. Louganis alijua kilichomo ndani ya damu yake. Daktari hakujua.

Baadaye alieleza kwamba wakati ule hofu ilimpooza. Aliwaza kuhusu daktari, na aliwaza kuhusu maji ya bwawa na wenzake waliokuwa wakiruka baada yake. Akiwa katikati ya hofu hiyo, kama nusu saa baada ya kugonga, ilibidi apande ubao tena. Alipumua, akajigonga kifua kuonyesha jinsi moyo unavyodunda, watu wakacheka, naye akatabasamu. Kisha akaruka. Mruko huo ulipata alama za juu kuliko mruko mwingine wowote wa siku hiyo. Kesho yake akashinda dhahabu ya ubao.

Septemba 27 ikaja fainali ya jukwaa. Louganis alikuwa na miaka 28, na mpinzani wake, Xiong Ni wa China, alikuwa na miaka 14. Ulipobaki mruko mmoja tu, kijana alikuwa mbele kwa alama 3. Louganis akapanda kufanya mruko alioubakisha mwisho. Ulikuwa ule wa kupinduka mara tatu na nusu, uliomuua Chalibashvili. Siku nane zilikuwa zimepita tangu apasuke kichwa. Aliruka, akaingia vizuri, na hesabu ilipofungwa alikuwa na 638.61 dhidi ya 637.47 za Xiong Ni, tofauti ya alama 1.14. Akawa mwanamume wa kwanza kushinda ubao na jukwaa katika Olimpiki mbili mfululizo. Akamkumbatia mwalimu wake akalia, na karibu watu wote walidhani analia kwa ajili ya medali.

Miaka saba ya kunyamaza

Alistaafu baada ya Seoul. Mwaka 1994 alisema hadharani kwamba yeye anapenda wanaume wenzake, na mwaka 1995, kupitia kitabu chake na mahojiano ya televisheni, akasema kwamba ana virusi na kwamba alikuwa navyo Seoul. Najua jambo la kwanza lina mjadala wake hapa kwetu, na leo sikuja kwa mjadala huo. Virusi havimuulizi mtu ni nani. Hapa Kenya wengi wanaoishi navyo waliambukizwa katika mapenzi ya mume na mke, na wengine walizaliwa navyo.

Aliposema, watu waligawanyika. Wengine walimsifu, wengine wakauliza kwa hasira ni vipi alimwacha daktari aguse damu yake bila kumwambia. Swali hilo ni halali, na yeye mwenyewe hakulikwepa. Hebu tulijibu polepole, kwa sababu linatuhusu.

Kwanza, maji. Damu kidogo katika bwawa kubwa lenye klorini haiambukizi mtu. Wataalamu walilieleza hilo wazi, na hakuna mshindani aliyeambukizwa. Pili, daktari. Alipima baadaye, akakutwa hana virusi. Damu ikigusa ngozi isiyo na kidonda, hatari yake ni ndogo sana, lakini haikustahili kubahatishwa. Tatu, na hili ndilo la kubeba nyumbani, glavu hazivaliwi kwa sababu tunamshuku mgonjwa. Huvaliwa kwa damu ya kila mtu. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wanajua. Nawaambia na ndugu zangu wa bodaboda, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika ajali inapotokea: weka jozi ya glavu chini ya kiti cha pikipiki. Ukikosa, hata mfuko safi wa plastiki utakusitiri mkono. Ukifanya hivyo kwa kila majeruhi, hutahitaji kujua siri ya mtu ndipo umsaidie.

Je, Louganis alikosea kunyamaza pale kando ya bwawa? Naona alikosea, naye amesema mara nyingi jinsi jambo hilo lilivyomsumbua. Lakini najiuliza pia, sisi tuliokuwa nje ya bwawa tulikuwa tumemwekea mlango gani wa kusemea? Angefungua mdomo, angefukuzwa nchini, angepoteza mchezo, na jina lake lingebaki kwenye vinywa vya watu. Mtu haachi kusema kwa sababu ni mwongo tu. Mara nyingi amekwisha kutazama nyuso za watu na kujua watamjibu nini.

Katika miaka hiyo hiyo walikuwapo waliosema mapema. Uganda, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza kwamba ana Ukimwi, akazunguka shule na makanisa akiwafundisha watu mpaka nguvu zilipomwisha, akafariki mwaka huo huo. Hapa kwetu alikuwapo Joe Muriuki, Mkenya wa kwanza kujulikana kwa kujitokeza hadharani. Aliishi miongo mingi baada ya kuambiwa siku zake ni chache. Watu hao wawili walisema wakati hakukuwa na tiba ya maana wala sheria ya kuwakinga.

Ami yangu, na mimi

Sasa niwaambie ya nyumbani. Nilikuwa na ami, ndugu wa baba, aliyekuwa mpiga mbizi wa pweza. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alianza kukonda nikiwa shule ya msingi, kabla dawa hazijafika zahanati zetu. Mara tuliambiwa ana malaria, mara ana nimonia, mara amefanyiwa mambo na watu. Kikombe chake kiliwekwa kando na sahani yake ikawekwa kando. Hakuna aliyetutuma sisi watoto tusimkaribie, lakini tuliona kikombe, tukaelewa. Alifariki bila mtu yeyote kulitaja jina la ugonjwa wake, si yeye wala sisi. Hadi leo sijui kama aliwahi kupima.

Nilipoajiriwa na kaunti, kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kampeni ya kuhimiza watu kupima. Maneno mliyoyaona kwenye mabango niliyaandika mimi. Nilipiga picha za foleni na nikawahoji wauguzi. Siku moja Sista mmoja mzee, tukikunja hema jioni, akaniambia, “Mwanangu, umeandika habari zetu miaka miwili. Wewe mwenyewe umepima lini?” Nikacheka. Nikamwambia, “Nitakuja, Sista, leo nina habari ya kumaliza.” Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kupima hata mara moja. Nilikuwa nikiwasukuma wengine waruke nami nimesimama ukutani.

Ilinichukua miezi mitatu. Na nilipokwenda, sikuenda hapa. Nilipanda matatu hadi mji mwingine, nikavaa kofia, nikaketi kwenye benchi la kituo nisichojulikana, mapigo ya moyo yakinisikika masikioni. Chumbani mshauri aliniuliza maswali kwa upole, akanitoa tone la damu kidoleni, tukangoja dakika chache. Dakika zile zilikuwa ndefu.

Majibu yangu sitawaambia. Naona wengine mnatabasamu, mnangoja. Si kwamba naogopa. Nikisimama hapa niseme “mimi sina,” nitampigia makofi aliye kama mimi, na yule asiyeweza kusema hivyo nitakuwa nimemwonyesha kidole. Hali ya mtu ni yake na daktari wake, na wale aliowachagua kuwaambia. Mniruhusu niseme tu kwamba nilipotoka pale nilikuwa mwepesi kuliko nilivyoingia, na ningekuwa mwepesi vivyo hivyo kwa majibu ya aina yoyote, kwa sababu mzigo wangu ulikuwa kutojua.

Mambo yamebadilika

Louganis alimeza dawa kila saa nne akijua huenda zisimfikishe mbali. Leo mtu mzima anayeanza matibabu katika kituo chetu cha umma mara nyingi hupewa kidonge kimoja cha kumeza mara moja kwa siku, bila malipo. Akikimeza kama inavyotakiwa, virusi hupungua mpaka vipimo visivione, na virusi visivyoonekana kwenye vipimo haviambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito akipima mapema na kutumia dawa, anaweza kumzaa mtoto asiye na virusi. Na mtu aliyehofia kuambukizwa, kwa ajali au kwa kubakwa, anazo saa 72 za kupata dawa za kuzuia. Asingoje Jumatatu.

Sheria pia ipo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupima ndipo apewe kazi, asomeshwe, aolewe au atibiwe. Inakataza pia kuyatoa majibu yake nje. Muuguzi au karani anayepeleka majibu ya mtu sokoni amevunja sheria, na mkazi ana haki ya kulalamika. Nalisema hili mbele ya Waziri wetu kwa makusudi, kwa sababu mpaka leo wako watu wanaopanda matatu kama nilivyopanda mimi, wakakwepa zahanati iliyo hatua mia moja kutoka kwao. Hawakwepi sindano. Wanatukwepa sisi. Siku mtu wa mtaa huu atakapopima katika zahanati ya mtaa huu bila kofia, nitajua mabango yangu yamefanya kazi.

Greg Louganis yuko hai. Amepita miaka 60. Alifundisha mbwa mashindano ya kuruka vizuizi, na mwaka 2012 alikwenda Olimpiki ya London kama mshauri wa vijana wa Marekani wa mchezo wake. Mtu aliyetaka kujifungia angoje kifo mwaka 1988 amezeeka. Medali zake za Seoul nazipenda, lakini jambo ninalowapelekea vijana wetu ni lile la miezi sita kabla yake, alipokubali kupima na kisha akaendelea kuamka kila kengele ilipolia.

Vijana, mkirudi gatini jioni maji yatakuwa yamejaa. Hata hivyo mtangulizeni mtu apime, kwa sababu mchanga huhama. Na hema liko wazi hadi saa kumi na moja. Mimi naanza foleni sasa hivi, maana mara yangu ya mwisho imepita mwaka. Atakayenifuata anifuate, na atakayetaka kuja peke yake kesho, bila macho ya watu, mlango utakuwa wazi kesho pia.

 Pilau iko tayari.

Kwa wakazi: Huduma za kupima VVU, ushauri na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma vya kaunti. Anayependa kujipima mwenyewe nyumbani amuulize mhudumu wa afya kuhusu kifaa cha kujipimia na jinsi ya kukitumia. Majibu yakionyesha kuna virusi, fika kituoni uthibitishiwe kwa kipimo kingine kabla ya kuanza dawa.